Dhahabu ya Khulud

SEHEMU YA TISA

Msomaji, mara ya mwisho tulimwacha Hayat kwenye kibanda cha sonara pale Tandika, ameegemea kaunta, kijaluba cha fedha kimefunguliwa mbele yake.

Kijaluba si chake. Ni cha Khulud, binti yatima wa marehemu Khalil. Dhahabu iliyomo ni ya marehemu mama yake Khulud, na Khalil kabla hajakata roho aliikabidhi kwa mdogo wake, Sultan, aitunze mpaka binti aolewe. Sultan ndiye mume wa Hayat. Na harusi ya Khulud ni kesho.

Hayat alikwenda kwa sonara na agizo moja tu. “Nichongee nyingine kama hizi hizi, lakini za shaba, uzichovye dhahabu. Mtu akitazama asijue.” Za shaba zirudi kabatini zikamngoje Khulud. Za kweli ziende kwa Thureya, binti wa kumzaa mwenyewe.

Sonara akachukua kidani, akakisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali. Alama ikachemka, ikageuka kijani, ikapotea.

“Umechelewa, mama,” alisema. “Kuna mtu ameshakutangulia.”

Haya, twende nalo.

*

“Amenitangulia nani?” Hayat alifoka.

“Hilo mie nitalijuaje, mama? Hiki kidani ni shaba, kimechovywa. Na aliyekichovya anaijua kazi.”

“Pima bangili.”

Sonara akapima bangili. Shaba.

“Pima herini.”

Herini nazo shaba. Sonara alitaka kuendelea na vidude vilivyobaki chini ya kitambaa, lakini Hayat alikuwa hasikii tena. Masikio yalikuwa yanavuma.

Kabati la chuma nyumbani kwao lina ufunguo mmoja. Ufunguo huo unaning'inia shingoni mwa Sultan, ndani ya fulana, na haumtoki hata akilala. Anauvua akiingia kuoga tu. Asubuhi ya leo ndipo Hayat alipopata upenyo, maji yakimwagika bafuni, akafungua, akatoa kijaluba, akafunga, akaurudisha ufunguo kwenye msumari kabla mumewe hajamaliza kujipaka sabuni.

Sasa kama dhahabu imeondoka, ameiondoa nani, kama si mwenye ufunguo?

Na ameipeleka wapi?

Hapo ndipo Hayat alipokumbuka kuwa leo ni Alhamisi.

Kila Alhamisi baada ya laasiri Sultan hulifunga duka lake la vitambaa mapema na kwenda Kinondoni. Akiulizwa, anamfuata muuzaji wa jumla. Muuzaji gani wa jumla anayeuza Alhamisi tu? Hayat alijua fika ni nani anayeishi Kinondoni. Ni Maisa, bi mkubwa wa zamani, mke mwenzie, aliyepewa talaka miaka mingi iliyopita. Siku Maisa alipofungasha mizigo, Hayat alifukiza udi nyumba nzima, majirani walipouliza akasema anafukuza mbu.

Kumbe mbu mwenyewe hakuondoka! Kumbe alihamia Kinondoni tu, anafuatwa huko huko!

“Shaba kwangu, dhahabu kwake,” Hayat alisema kwa sauti, na machozi ya hasira yakamtoka palepale kwenye kaunta ya watu.

“Mama, na hivi vitu?” sonara aliuliza.

“Tupa! Yeyusha! Nisivione tena machoni pangu!”

“Lakini mama, namba yako ninayo, nikikupigia...”

Hayat alishavuka barabara. Namba aliyoacha haikuwa hata yake. Alitoa ya Thureya, kwa sababu simu yake yeye Sultan huipokeaga ikiita. Wakati ule alijiona mjanja kweli.

*

“Kinondoni wapi, sista?” dereva wa bajaji aliuliza.

“We twende, nitakuelekeza. Na usiniongeleshe.”

Dereva akamtazama kwenye kioo, akaona yale macho, akazima hata redio.

Foleni ilikuwa kubwa, na Hayat alipata nafasi ya kujiuma roho vizuri, moja baada ya jingine.

Alianza na Khulud. Tangu yule binti hajaota meno ya pili, nani alimsuka? Nani alikesha naye hospitali siku surua ilipotaka kumwondoa? Nani alimfundisha kupika biriani mpaka watu wa mitaa ya jirani wakawa wanamwazima? Ni yeye, Hayat. Alimlea pamoja na Thureya, akawashonea nguo kutoka kitambaa kimoja, na kwa miaka yote hiyo hakumhesabia.

Mpaka mama yake Suleiman alipokuja.

Alikuja na halua na maneno matamu, kumtazama Thureya kwa ajili ya mwanawe, kijana ana kazi nzuri bandarini Kurasini. Thureya alikaa sebuleni amepambwa. Khulud aliingia mara moja tu, na kanga ya jikoni, kuleta kahawa. Yule mama akamfuata kwa macho mpaka mlangoni. Wiki iliyofuata alileta posa, na posa haikuwa ya Thureya.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Khulud kilimchoma Hayat. Cheko lake, kimya chake, hata namna anavyofunga mtandio. Mwenzake ana mume, ana kijaluba cha dhahabu, na vyote viwili vimekuja vyenyewe. Thureya ana nini? Thureya amekaa chumbani anakunja nguo za harusi ya mwingine.

“Wivu” ndilo neno lenyewe, msomaji, na Hayat alilijua. Lakini mtu akilijua jina la homa haina maana imemshuka.

Na sasa Maisa juu yake! Loo, leo patachimbika.

“Hapa. Simama hapa.”

*

Makubadhi ya Sultan alikuwa ameyaona kabla hajashuka. Yamepangwa chini ya baraza, moja kando ya jingine, kama ya mtu aliye kwake.

Sultan mwenyewe alikuwa amekaa barazani, kwenye pembe ya mkeka, na kikombe cha kahawa mkononi. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi wote, pazia limefungwa fundo.

“Assalamu alaikum, bwana Alhamisi!”

Sultan aliruka, kahawa ikamwagikia kanzu. “Hayat? Umefuata nini huku?”

“Nimefuata bei ya jumla! Yuko wapi muuzaji?”

“Punguza sauti, watu wanasikia.”

“Wasikie! Kwani miaka yote walikuwa hawakuoni?”

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, tulivu. “Nani huyo, Sultan?”

Sultan! Hivyo hivyo kavu kavu, kana kwamba talaka haikuandikwa. Hayat hakungoja zaidi. Alimpita mumewe, akavua viatu huku anatembea, akaingia. Alikuwa amejiandaa kumkuta Maisa na kile kidani shingoni. Alishaamua hata mkono gani utakaokivuta.

Akasimama ghafla katikati ya chumba.

Maisa alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni. Hana hata pete. Mbele yake, kwenye kioo kirefu, alisimama Khulud.

Kidani kilikuwa shingoni mwa Khulud. Bangili mikononi mwa Khulud. Herini kama zile alizoziacha kwa sonara zilikuwa zinaning'inia kwenye masikio ya Khulud, na hizi hazikuhitaji tindikali. Zilikuwa zinang'aa ule mng'ao mzito ambao shaba haiujui.

“Mama,” alisema Khulud taratibu.

Macho ya binti yalishuka mara moja mpaka kwenye mkoba wa Hayat, yakaukuta umelala mtupu begani, yakapanda tena.

“Unafanya nini hapa?” Hayat aliuliza.

“Ami ndiye aliyenileta.”

Hayat aligeuka. Sultan alikuwa amesimama mlangoni, upande wa nje wa kizingiti. Hakuingia, kwa sababu Maisa si mkewe tena, na hata katikati ya balaa kama lile Sultan alikuwa na mipaka yake.

“Nilitaka nikwambie leo jioni, nyumbani,” alisema. “Dhahabu ya Khulud iko huku. Imekuwa huku muda mrefu.”

Hapo, msomaji, Hayat alikuwa na swali moja ulimini: na ile iliyo kwenye kijaluba? Akalimeza. Angejuaje kuwa kwenye kijaluba kuna shaba, kama hakukifungua? Na angekifunguaje, kama hakuiba ufunguo?

Akaona heri ashambulie upande mwingine.

“Miaka yote mie ndiye ninayelea,” alisema, na sauti ikamkatika. “Nafua mie, napika mie, nauguza mie. Halafu cha thamani kinalala kwa mwanamke uliyemwacha! Mie ni mlezi wa maji ya kunawa tu?”

“Hayat, kaa kwanza,” Maisa alisema, akitoa pini mdomoni.

“Sikai kwako!”

“Basi simama, lakini sikiliza.”

Sultan akajibu. “Khalil alifia nyumbani kwake, wakati Maisa angali mke wangu. Mkono wake ulikuwa hauwezi hata kushika kikombe, lakini kijaluba alikishika mpaka alipokitia kwangu. Maisa alikuwepo, ndiye shahidi. Nilikipeleka kwetu, nikakifungia, sikuwa na wasiwasi na mtu. Mpaka harusi ya mdogo wako kule Mtoni.”

Hayat akajua linalokuja.

“Thureya alicheza na bangili za Khulud usiku kucha,” Sultan alisema.

“Niliazima!” Hayat aliruka. “Wanawake wote wanaazimana dhahabu, hata wewe unajua! Jirani ananiazima kidani, mie namwazima herini, harusi inapita, vitu vinarudi. Nani kawahi kuitwa mwizi kwa hilo?”

“Unaazima kwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa uani anacheza rede. Ulimwita ukamwuliza?”

“Mtoto mdogo angejibu nini?”

“Ndiyo maana haiazimwi. Hana wa kusema hapana isipokuwa mie, na mie sikuulizwa.” Sultan alipangusa kahawa kwenye kanzu, ikazidi kutapakaa. “Bangili moja ilirudi imepinda, kijiwe kimetoka. Nikaitengenezesha, nikanyamaza. Kisha nikachongesha za shaba za kukaa kwenye kijaluba, za kweli nikazirudisha kwa shahidi. Nakuja kila Alhamisi kuzitazama. Sipiti kizingiti hiki.”

“Ungeniambia!”

“Ningekwambia,” Sultan alikubali. “Hilo kosa ni langu. Niliogopa kelele.”

Hayat alitaka kucheka. Mwanamume mzima, anaogopa kelele, anamfanya mkewe alinde shaba miaka na miaka!

Halafu likamjia lililouma kuliko yote.

“Na duka lilipoungua?” aliuliza. “Tulipokula mihogo asubuhi na jioni, nikauza cherehani yangu, cherehani niliyoachiwa na mama yangu, nikakuuliza Sultan, kweli huna kitu? Ukasema huna. Na hii ilikuwa huku!”

“Sikuwa na kitu, Hayat.”

“Hii je?”

“Hii si yangu.”

Alisema bila kupandisha sauti, akimtazama usoni, na Hayat akaona kuwa hata wakati ule wa mihogo jibu lilikuwa hilo hilo. Lilimtia uchungu kuliko kofi. Alimwonea wivu hata marehemu Khalil, aliyelala kaburini na bado neno lake lilisikilizwa kuliko njaa ya mke aliye hai.

“Haya,” alisema Hayat. “Mmeshinda. Kesho amvishe huyo shahidi wenu. Mie nitakaa jikoni na masufuria.”

Hilo la kuvisha si jambo dogo. Bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake, anayemfunga kidani ndiye anayeitwa mama, hakuna haja ya mtu kutangaza. Hayat alikuwa ameshona gauni jipya kwa dakika hiyo moja.

Maisa akainuka, akipangusa magoti.

“Mie nimempima tu, kidani kilikuwa kirefu. Kumvisha nani kasema ni mie? Mwulize mwenyewe bibi harusi.”

Khulud alikuwa ameanza kuzivua bangili, moja moja.

“Anivishe nani mwingine, mama?” alisema. “Nilimwambia ami tangu Jumatatu. Kama si wewe, sitoki chumbani.”

Hasira ya Hayat ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa kama mtu aliyekuja na panga akakuta mlango wazi na chakula mezani. Akakaa. Kwenye kiti cha Maisa, msomaji, alichoapa hakalii.

“Na kuna jingine,” alisema Sultan pale mlangoni, sasa uso umelegea, hata anatabasamu kidogo. “Si vyote vya kwenye kijaluba ni shaba. Chini ya kitambaa kuna pete ya feruzi. Ile ni dhahabu kweli.”

Hayat akaukamata mkoba wake mtupu.

“Marehemu mama yake Khulud alisema pete hii si ya binti yake. Hii ni ya mwanamke atakayemlea mpaka amtoe kwa mumewe. Mie nikaona haifai kulala huku, kwa sababu ni yako. Mali yako ikae nyumbani kwako. Nimengoja siku yenyewe nikukabidhi.”

“Mie shahidi,” alisema Maisa.

Tupa. Yeyusha. Nisivione tena machoni pangu. Maneno yake mwenyewe yalimrudia Hayat moja moja.

“Mama Suleiman yuko njiani kuja nyumbani kupanga mambo ya kesho,” Sultan aliendelea, akivaa makubadhi. “Nitakukabidhi mbele yake. Ajue mkwewe amelelewa na nani. Twendeni.”

*

Kwenye pikapu ya Sultan walikaa watatu, Hayat katikati. Hajawahi kuombea foleni namna ile.

“Nipitishe Tandika mara moja.”

“Kuna nini Tandika?”

“Udi. Nimesahau udi.”

“Udi ninao dukani mpaka wa kugawa,” alisema Sultan, na kwa mara ya kwanza siku nyingi alikuwa anaimba chinichini.

Khulud alikuwa anatazama nje dirishani, mkoba wenye dhahabu umelala mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Simu ya Hayat ikaita. Thureya.

“Mama, uko wapi? Mgeni wako amefika zamani. Na kuna fundi mmoja pia, kanipigia mie anakutafuta, nikamwelekeza nyumbani, anasema...”

Hayat akakata.

“Nani?” Sultan aliuliza.

“Thureya. Kuna... fundi. Fundi nguo.”

“Siku hizi mafundi nguo wanaleta nguo wenyewe? Maajabu.”

Hayat alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi.

*

Mama yake Suleiman ni mwanamke mpana, na akikaa kwenye kochi la watu watatu anabaki mmoja na nusu. Leo ile nusu ilikaliwa na sonara wa Tandika, amebana magoti, glasi ya juisi mkononi, hana raha hata kidogo.

Kwenye meza mbele yao, katikati ya glasi na sahani ya kashata, kilikuwa kijaluba.

Sultan aliingia anacheka, mkono umenyooshwa kusalimia. Akakiona. Mkono ukabadili njia, ukapanda shingoni, ukapapasa fulana. Ufunguo ulikuwepo. Akautazama ufunguo, akakitazama kijaluba.

Sonara akasimama haraka.

“Shikamoo, mzee. Mama, unisamehe kukufuata mpaka nyumbani. Umesema nizitupe, na kweli nilizimwaga niziyeyushe. Ila hii pete moja ikakataa tindikali. Ni dhahabu tupu, mama. Mie sikai na mali ya mtu kibandani kwangu, kesho ikapotea nikaitwa mwizi. Ndiyo nikapiga ile namba.”

Akaiweka pete juu ya kifuniko cha kijaluba. Feruzi, buluu kabisa, kama kipande cha mbingu ya saa nne.

Hakuna aliyeigusa.

“Sultan,” alisema mama yake Suleiman, akitua glasi polepole. “Si kijaluba hiki ulichotuambia siku ya posa? Amana ya marehemu, ya bibi harusi?”

“Ndicho.”

“Ulituambia kimefungiwa, na ufunguo haukutoki.”

“Ndivyo.”

“Sasa kimefikaje kwa sonara? Na nani amesema kitupwe?”

Sultan aligeuza shingo kidogo kidogo kumwelekea mkewe. Thureya alikuwa ameganda kwenye mlango wa jikoni na sinia la kahawa, hajui aingie au arudi. Hayat alihisi sakafu ya sebule yake mwenyewe inamkimbia. Huo ndio mwisho wake. Mke aliyeiba amana ya yatima mbele ya mkwe, siku moja kabla ya harusi, hana pa kujificha Temeke nzima. Leo leo angefungasha mizigo, na huko Kinondoni wangefukiza udi.

“Ni mimi.”

Sauti ilitoka nyuma. Khulud alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba kifuani.

“Ni mimi niliyekitoa, ami. Nilitaka kikasafishwe. Nikamwomba mama akipeleke.”

“Wewe?” Sultan alikunja uso. “Ufunguo uliupata wapi?”

“Kwenye msumari. Asubuhi, ulipokuwa unaoga.”

Hayat alishtuka nusura apige kelele. Hakumwambia mtu habari za msumari. Hakuna aliyejua habari za kuoga. Ile asubuhi, kwenye ule ukumbi, alidhani yuko peke yake. Kumbe kulikuwa na macho. Khulud alimwona anatoa kijaluba, akanyamaza, akaenda Kinondoni, akamwona anaingia na mkoba mtupu, na bado akasema “Anivishe nani mwingine, mama?”

Sonara alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Yeye alijua ni nani aliyemwagiza shaba, na kwa sauti gani.

Mama yake Suleiman akavuta buibui lake, akalikusanya mapajani.

“Nyumbani kwangu,” alisema, “funguo zinashinda mlangoni. Hatujawahi kufungiana vitu. Sasa bibi harusi anayefungua kabati la mlezi wake siku moja kabla ya harusi, kesho akifika kwangu atafungua nini?”

“Bi mkubwa, ngoja kwanza,” Sultan alisema.

“Sijaondoka. Lakini sitaki kuulizwa na mwanangu baadaye nilikuwa wapi.” Akageuza mwili mzima kwenye kochi, macho yakatua kwa Hayat. “Wewe ndiye uliyemlea. Neno lako ndilo nitakaloshika. Alilosema binti ni kweli?”

Kisha, bila kukusudia, macho ya yule mama yakateleza mpaka kwenye mlango wa jikoni. Yakamkuta Thureya, na kanga yake ya kazi, na sinia la kahawa mikononi. Yakatulia pale.

Hayat aliuona mtazamo ule. Ulikuwa ule ule. Miezi yote hii alilala na kuamka akiutamani, na sasa umekuja, umemwangukia binti yake wa kumzaa. Aliombwa neno moja tu. Ndiyo. Aseme ndiyo, na aibu yote ihamie kwa mwingine, ndoa yake ipone, na Suleiman, nani ajuaye, Suleiman angebaki anatafuta mke.

Na mwenye kubeba aibu hiyo alikuwa ameshajitolea mwenyewe. Amesimama mlangoni, anamtazama, hata hamwombi kitu.

Sultan akainama, akaiokota ile pete ya feruzi juu ya kijaluba, akaishika katikati ya vidole viwili.

“Jibu, Hayat,” alisema. “Nijue hii namkabidhi nani.”

Hayat akaitazama pete. Akamtazama Thureya.

“Khulud,” alisema, kisha akanyamaza, na sebule nzima ikangoja neno la pili.